Usiulize nyama, uliza mchuzi

Swali: "Assalamu alaikum, mpishi. Mwanangu anasoma Lyon, Ufaransa, na ameoa huko huko. Mwezi wa sita nakwenda kuwatazama inshallah. Wazazi wa mkaza mwanangu, Wafaransa, wametualika chakula cha usiku kwenye mkahawa wa mtaani kwao, kando ya bustani kubwa ya jiji. Nasikia kule kila chungu kina nguruwe au pombe. Naogopa kula haramu, na naogopa kuwavunjia heshima wakwe. Nile mkate tu ninyamaze? Na mambo ya uma na kisu, na bili, nifanyeje? Mama wa Mkomani, Lamu."

Waalaikumu salamu, dada yangu.

Mkate tu? Hapana. Ukikaa meza ya wakwe ukitafuna mkate mpaka usiku uishe, hapo ndipo utakapowavunja moyo. Mfaransa akikualika kula kisha akuone huli, hujiona yeye ndiye aliyekosea, sawasawa na wewe ungemwona mgeni wako Mkomani anauchokora wali wa nazi na hautii mdomoni. Utakula, tena utakula vizuri. Ila kuna jambo moja ambalo mimi mwenyewe nililijua baada ya kuungua: usiulize nyama, uliza mchuzi.

Nimepika zaidi ya miaka thelathini, mingi yake Malindi na Watamu, na mwaka mmoja na nusu nilikuwa Lyon huko huko unakokwenda. Wiki yangu ya kwanza jikoni, chakula cha wafanyakazi kilikuwa dengu. Nikamuuliza mwenzangu kama mna nguruwe. Akanijibu kwa moyo mweupe kabisa: hamna. Nikachota. Kijiko cha tatu nikakutana na kipande cha rangi ya waridi, kidogo kama ukucha, kina mafuta pembeni. Nikakiinua nikamwonyesha. Akashangaa kweli kweli. "Hiyo si nguruwe," akasema, "hiyo ni lardon."

Hakuwa ananidanganya. Kwake nguruwe ni paja au ubavu, kitu kinacholala katikati ya sahani na kisu pembeni. Lardon, vile vijipande vya nguruwe aliyetiwa chumvi, kwake ni kiungo, kama wewe unavyotia kitunguu thomu. Na wewe ukiulizwa umepika nini utasema samaki wa kupaka. Hutaanza kumhesabia mtu ukwaju na bizari.

Pombe nayo huingia kwa mlango huo huo, na nitakueleza inavyoingia ili ujue pa kuuliza. Mpishi anakaanga kipande cha nyama kwa siagi kwenye kikaango kipana. Kikiiva anakitoa. Chini kumebaki ukoko wa kahawia umeng'ang'ania chuma. Sisi tungetia maji tukaloweka. Yeye anaona ladha yote iko pale. Mkono unakwenda kwenye chupa ambayo iko karibu kuliko chumvi, anamimina mvinyo kidogo, mvuke unaruka, anakwangua kwa mwiko wa mti mpaka ukoko uyeyuke, anaacha upungue, anadondosha kipande cha siagi baridi na kukizungusha kikaango. Mchuzi tayari. Haufiki dakika tano. Kitendo hicho wanakiita déglacer, na mikono yao hukifanya bila kuuliza kichwa: kwa ng'ombe, kwa kuku, hata kwa samaki. Kwenye menyu utasoma "kuku na uyoga". Chupa haitajwi.

Utaambiwa pombe huruka yote motoni. Si kweli, na usikubali kutulizwa na maneno hayo. Vipimo vya wizara ya kilimo ya Marekani vilionyesha kwamba chakula kilichochemka nusu saa bado hubakiwa na kama asilimia 35 ya pombe iliyotiwa, na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki asilimia 5 hivi. Sasa mchuzi wa dakika tano, piga hesabu mwenyewe.

Vyakula vinavyojitangaza havina shida. Coq au vin ni jogoo aliyepikwa kwa mvinyo, jina lenyewe linasema. Boeuf bourguignon ni ng'ombe wa kwenye mvinyo mwekundu. Andouillette ni soseji ya matumbo, mara nyingi ya nguruwe, na hata harufu yake itakuonya kabla hujauliza. Konokono na miguu ya vyura sihitaji kukutajia. Vya kuogopa ni vile vyenye sura ya upole. Kome wanaoitwa moules marinières wamefunguliwa kwa mvinyo mweupe. Supu ya vitunguu, ile ya kufunikwa jibini, mara nyingi imetiwa mvinyo juu ya supu ya mifupa. Beurre blanc, mchuzi mweupe laini unaomwagiwa samaki, huanza na mvinyo mweupe na siki. Saladi ya Lyon ina yai zuri juu na lardon chini ya majani. Quiche lorraine ina lardon ndani. Hata cervelle de canut, ambayo ni jibini bichi la kuchanganywa na majani na kitunguu, wengi huitia tone la mvinyo.

Basi ule nini? Samaki. Tena kama wanaye, omba sole meunière, tamka "sol meniyer". Huyu ni samaki bapa wa baharini. Anapanguswa maji, anapakwa unga mwembamba, ule wa kukung'uta ukabaki kama poda, anakaangwa kwa siagi mpaka ngozi iwe ya dhahabu. Kisha siagi ya kwanza inamwagwa, inatiwa mpya, inaachwa itoe povu mpaka inukie kama njugu, inakamuliwa limau, na inamiminiwa samaki ikiwa bado inachemka. Hapo hakuna chupa. Hakuna pa kuitia hata angetaka. Nilipomla mara ya kwanza nilisema huyu ni samaki wa Lamu aliyekwenda shule: unga, mafuta, ndimu, basi. Pembeni omba gratin dauphinois, viazi vilivyokatwa vyembamba na kuokwa ndani ya krimu na kitunguu thomu. Ni vizito, usiagize kingine cha kuvisindikiza.

Kuhusu kuku na ng'ombe, fahamu kwamba mkahawa wa kawaida kama huo haununui nyama iliyochinjwa Kiislamu isipokuwa umeandika hivyo. Wapo wanazuoni wanaoruhusu nyama ya Ahlul Kitabu na wapo wanaozuia kwa sababu ya machinjio ya siku hizi. Hilo si la mpishi. Muulize sheikh wako kabla hujapanda ndege. Mimi nilikaa na samaki mwaka na nusu, sikukonda.

Kabla ya hayo yote, mwanao aulize mkahawa wenyewe ni wa namna gani. Lyon wana aina yao wanayoiita bouchon, vijumba vya meza zilizobanana, na humo nguruwe ndiye mwenye nyumba, kuanzia vya kutafuna mwanzo mpaka mafuta ya kukaangia. Kama ni bouchon, afadhali awaombe wakwe wabadilishe mahali, na hakuna aibu kufanya hivyo wiki mbili kabla. Aibu ni kuanza kuhangaika mkiwa mmeshakaa. Lakini kama ni ile bustani ninayoidhani, Parc de la Tête d'Or, mitaa ya pale ina mikahawa ya kawaida ya watu wa mtaa, yenye samaki na mboga, na menyu ikiwa imebandikwa nje pamoja na bei. Kubandika huko ni sheria. Mwanao apite jioni moja asome, apige picha, akutumie.

Akipita, atazame alama ndogo ya sufuria yenye paa la nyumba, au maneno fait maison. Tangu 2014 maneno hayo yana masharti: chakula kimepikwa pale pale kutokana na vitu vibichi. Kwako hiyo ni habari kubwa kuliko nyota yoyote. Jikoni kunakopikwa kweli, mpishi anaweza kukutengenezea mchuzi wako kwa limau na siagi bila kugusa chupa, ni kikaango kimoja zaidi tu. Mchuzi uliokuja kwenye mfuko ulishatiwa kila kitu kiwandani, na weita hata akikupenda vipi hana la kupunguza.

Pia mkahawa unalazimika kuwa na maandishi ya vitu 14 vinavyodhuru watu wenye mzio: samaki, mayai, maziwa, karanga na kadhalika. Nguruwe hamo. Pombe hamo. Ndiyo maana ukisema tu una "mzio" hutasaidika, na isitoshe ni uongo. Kimo kitu kinaitwa sulfites, ambacho mvinyo unacho, lakini hata zabibu kavu zinaweza kuwa nacho. Kichukue kama dokezo la kukufanya uulize. Swali lenyewe ni hili: "Il y a du vin dans la sauce?" Tamka "Ilya di ven dan la sos?" Yaani, mna mvinyo kwenye mchuzi? Na la pili: "Il y a des lardons?" Usiseme porc, yaani nguruwe, peke yake, nimeshakuonyesha yaliyonikuta.

Tamutamu za mwisho zina mitego yake. Baba au rhum ni keki iliyoogeshwa ramu. Crêpes Suzette humwagiwa pombe ya machungwa. Sorbet ya limau ni salama, lakini ikiitwa colonel imetiwa vodka. Vile vinavyotikisika na kusimama wima, kama bavarois, vina jelatini, na jelatini ya kule mara nyingi ni ya nguruwe. Omba crème caramel, ambayo hushikana kwa mayai, au keki ya matofaa iitwayo tarte Tatin. Watu wa Lyon wana yao ya praline, lozi zilizovishwa sukari, nyekundu kama imepakwa rangi ya kucha. Nzuri, ila sukari yake itakufanya uikumbuke halua ukaiona haina sukari. Kahawa huja baada ya tamutamu, haiji pamoja nayo. Nyeusi, chungu, kikombe kidogo. Kwa mtu aliyezoea kahawa ya dele pale Mkunguni, huo ndio wakati utakaojihisi nyumbani.

Sasa saa. Hili watu hawaambiwi. Lamu tuko karibu na mstari wa ikweta, magharibi haiondoki pale pale kwenye saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Lyon mwezi wa sita jua linazama kama saa tatu na nusu usiku. Meza za jioni hufunguliwa saa moja na nusu au saa mbili, kwa hiyo utaanza kula jua likiwa bado halijazama na magharibi itakukuta katikati ya chakula au kwenye tamutamu. Swali alasiri nyumbani, kisha mwende mapema mtembee bustanini. Ilifunguliwa 1857, ina hekta 117 na ziwa ndani yake, na hakuna kiingilio. Maana ya jina ni kichwa cha dhahabu. Wanasimulia kwamba kuna hazina ya kichwa hicho imefukiwa humo na hakuna aliyeiona. Ukishaizunguka nusu tu utakuwa na njaa ya adabu. Kwa magharibi, mwambie mkaza mwanao mapema kwamba utanyanyuka dakika kumi. Ikiwa nyumba ya wakwe iko mtaa huo huo, mambo ni mepesi.

Usiku huo utakuwa mrefu, jiandae. Mlo wa kialika wa Wafaransa una mpango: kitu cha mwanzo (hicho ndicho wanachokiita entrée, usidhani ndicho chakula chenyewe), kisha chakula, kisha jibini, kisha tamutamu. Wanaujali kiasi kwamba 2010 uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, na kikao kilichoupitisha kilikaa Nairobi. Waambie wakwe hilo. Na waambie kwamba mji wako wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Mazungumzo ya nusu saa hayo.

Weita hatakuletea bili mpaka iombwe. Hajawasahau. Kwake kuleta bili bila kuombwa ni kuwafukuza. Na ukiingia, kabla ya neno jingine lolote, "bonjour", au jioni "bonsoir". Usipoitoa salamu hiyo utahudumiwa kama umeingia na viatu msikitini.

Uma na kisu: Wafaransa hushika uma mkono wa kushoto wakati wote, na najua hutaki kula kwa kushoto. Kata kwa kisu kulia, weka kisu pembeni, hamishia uma kulia, kula. Hakuna atakayekutazama mara mbili. Mkate unawekwa juu ya kitambaa cha meza, si kwenye sahani; unakatwa kwa mkono kipande kwa kipande, kwa kulia, nao una ruhusa ya kufutia mchuzi wako mkiwa mmezoeana. Mikono isikae mapajani, vifundo vikae ukingoni mwa meza. Maji ya bomba na mkate ni bure. Omba "une carafe d'eau", tamka "in karaf do", usije ukaletewa chupa ya kulipiwa.

Wao pengine watakunywa mvinyo. Kama hukai meza yenye mvinyo, mwanao awaambie mapema, si wewe pale pale. Wengi huacha bila kinyongo kwa jioni moja. Kama utakaa, wakiinua glasi, inua yako ya maji, mtazame kila mmoja machoni, useme "santé". Kuinua huku ukitazama sahani ndiko wanakokuona ukosefu wa adabu.

Bili hulipwa na aliyealika. Usianze kuvutana naye mikono kama tunavyofanya sisi gatini. Shukuru mara moja, basi. Ukitaka kuwaalika wewe siku nyingine, chakula cha vipande vitatu kwenye mkahawa wa mtaa huanzia kama euro 30 kwa mtu, na kodi na ada ya huduma zimo ndani ya bei. Bakshishi ni sarafu chache ukipenda. Mkononi nenda na kofia ya Lamu iliyoshonwa kwa mkono kwa ajili ya baba mkwe. Atakuuliza ilichukua miezi mingapi, na jibu litamfunga mdomo. Nyama na samli usibebe, forodha za Ulaya hazipokei.

Hukuuliza mavazi, lakini nakwambia. Buibui na mtandio hakuna tatizo mkahawani wala bustanini. Kufunika uso ndiko kulikokatazwa na sheria mahali pa watu wote tangu Aprili 2011, na kuna faini. Kama huvaa ninja, lijue hilo ukiwa bado Lamu.

Naongeza moja kwa sababu nadhani utalipenda. Jina la Lyon kwa chakula lilijengwa na wanawake. Walikuwa wapishi wa majumba ya matajiri, wakatoka, wakafungua vyumba vyao vya kulia, watu wakawaita mama. Eugénie Brazier, mmoja wao, mwaka 1933 alipewa nyota tatu za Michelin, kile kitabu cha Wafaransa cha kupima mikahawa, kwa mikahawa miwili kwa wakati mmoja. Chakula chao kilikuwa cha nyumbani, hakina madoido. Ukimwambia mama mkwe kwamba hata kwetu jina la chakula limeshikwa na akina mama, umeshaanza naye.

Mwisho, mwanao apige simu au aandike siku tatu kabla. Mpishi akijua Jumanne, Ijumaa samaki wako yupo. Akijua saa mbili usiku jikoni kumefurika, utapewa saladi ya majani na pole. Aandike hivi: "Bonsoir. Ma mère ne consomme ni porc ni alcool, y compris dans les sauces et les desserts. Elle aime beaucoup le poisson. Serait-il possible de lui préparer un poisson meunière, sans vin?" Maana yake: mama yangu hatumii nguruwe wala pombe, hata ndani ya michuzi na tamutamu, anapenda sana samaki, je, mnaweza kumpikia wa meunière bila mvinyo? Maneno "y compris dans les sauces" asiyaruke. Na mkifika, amkumbushe weita tena, maana aliyepokea simu Jumanne huenda Ijumaa ndiyo siku yake ya mapumziko.